Parachichi za Njombe: Kontena lipakiwe kituoni au bandarini?

Msimu wa parachichi ukikaribia Nyanda za Juu Kusini, mabishano huwa yale yale. Kontena la ubaridi lipande hadi Njombe likapakiwe kwenye kituo cha kufungashia, au matunda yateremshwe kwa malori na kupakiwa Dar es Salaam, karibu na meli? Kati ya sehemu hizo mbili kuna takriban kilomita 700, mlima Kitonga, mizani, na joto linaloanza kukupokea ukishaushuka mlima huo.

Wanaoitetea Njombe wana hoja nzito ya kitaalamu. Mashine ya kontena haikutengenezwa kupoza tunda lililotoka juani. Kazi yake ni kulinda ubaridi ambao tunda limekuja nao. Hass, aina ya parachichi inayouzwa zaidi nje, husafirishwa kwenye nyuzi 5 au 6 hivi, na ubaridi huo unatakiwa uwe umeshafika kwenye nyama ya tunda, kwa upepo wa nguvu wa chumba cha kupozea, kabla boksi halijavuka mlango wa kontena. Pakia tunda la nyuzi 20 uone: mashine itanguruma siku nyingi bila kulifikia boksi la katikati, huku tunda likipumua, likitoa joto lake lenyewe na gesi ya ethilini inayoivisha mengine. Kupakia Dar kunaongeza tatizo jingine. Hewa ya pwani ni ya moto na ina unyevu, nao ukigusa boksi la baridi hugeuka maji. Boksi likilowa hulegea, paleti (jukwaa la mbao lenye maboksi yaliyopangwa juu yake) huinama, njia ya hewa huziba.

Na njia ya hewa ndiyo kila kitu. Baridi hutoka chini kwenye mifereji ya sakafu, hupanda kupitia matundu ya maboksi, kisha hurudi kwenye mashine kwa juu. Ndiyo sababu ukutani kuna mstari mwekundu ambao mzigo hauruhusiwi kuuvuka, na matundu ya boksi la juu lazima yakutane na ya boksi la chini. Sehemu ya sakafu inayobaki wazi mlangoni hufunikwa kwa kadibodi, la sivyo upepo unapenya hapo na mzigo unabaki bila hewa. Mashine nayo huzimwa wakati wa kupakia kama mlango unafunguka kwenye hewa ya nje badala ya chumba cha baridi (vijana wengi hudhani ni makosa), maana ikiwaka inavuta hewa ya moto na kugandisha barafu kwenye koili zake. Kazi hii inataka watu wale wale wanaoirudia kila siku. Kituo cha kufungashia kinaweza kuwa nao. Vibarua wa yadi ya mjini waliopakia mbao asubuhi watakisia tu.

Lakini wenye hoja ya Dar nao si wajinga. Kontena la futi 40 hubeba paleti 20. Kwa maboksi ya kilo 4, paleti ikibeba 264, ni maboksi 5,280, yaani tani 21 na ushee. Mkulima mwenye miti 50, hata tukimkadiria kilo 100 za daraja la kuuza nje kwa kila mti, ana tani 5. Wanahitajika wanne au watano kama yeye, wavune ndani ya siku mbili, matunda yao yakiwa yamekomaa kwa kiwango kinacholingana. Mmoja akichelewa, matunda ya jana yanayasubiri ya kesho. Dar msafirishaji anaweza kuunganisha mzigo wa Rungwe, Iringa na Njombe na kulijaza kontena.

Kisha kuna fedha. Nchi yetu haiagizi vyakula vya baridi kwa wingi wa kutosha kutuachia makontena haya, kwa hiyo mengi huletwa matupu. Kulipeleka Njombe na kulirudisha ni kilomita 1,400, na likishajaa linahitaji jenereta na mafuta hadi litakapochomekwa umeme bandarini. Jenereta likizima usiku Mikumi, fundi atatoka wapi?

Hoja yao ya tatu, ya meli, mimi siioni kama wanavyoiona. Wanasema ratiba haziaminiki tena tangu mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, makampuni makubwa yalipoanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na safari ya Ulaya ikarefuka kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo ni heri kupakia ukiwa karibu na meli. Ila tunda linalosubiri kwenye ghala la Dar linazeeka vilevile. Na kadiri bahari inavyorefuka, ndivyo saa zilizopotea kati ya mti na baridi ya kwanza zinavyouma zaidi. Mtu mwenye safari ndefu mbele yake ndiye wa mwisho kupaswa kuchelewesha kupoza.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalonivuta upande wa Njombe: hasara inaangukia nani. Wanunuzi wengi wa Ulaya hukamilisha malipo baada ya mzigo kufika na kukaguliwa. Ndani ya kontena huwekwa kifaa kidogo cha kurekodi joto. Kontena lililopakiwa Njombe lina rekodi moja tangu mlango wa kituo hadi bandari ya Rotterdam, Uholanzi, na joto likipanda siku ya tatu, inajulikana lilikuwa mikononi mwa nani. La Dar, rekodi inaanzia Dar. Zile kilomita 700 hazina shahidi. Tunda likifika laini, msafirishaji anamlaumu mvunaji, dalali anamlaumu mwenye lori, na makato yanamshukia asiye na karatasi. Huyo, mara nyingi, ni mkulima.

Faida hiyo hata hivyo inakufa siku lakiri, yaani muhuri wa kufungia mlango wa kontena, inapokatwa bandarini ili mzigo ukaguliwe upya. Forodha na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) wamalize kazi yao kituoni, mlango ukifungwa ufungwe. Vinginevyo tunalipia jenereta bure.

Kwa mwenye shamba kubwa na kituo chake, basi, Njombe. Kwa wadogo naona swali limewekwa vibaya. Wao hawakosi kontena, wanakosa pa kupozea. Fedha ya umma ikiwa ya jengo moja tu, ningeipeleka kwenye chumba cha kupozea cha pamoja Makambako, inapopita barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA, kabla ya ghala lolote kubwa bandarini. Tunda lililopozwa huko likishuka kwa lori lenye ubaridi, hata kupakiwa Dar kunavumilika. Wapinzani watasema chumba kitakaa kitupu msimu ukiisha. Ni kweli, ila Njombe ina viazi mviringo na mbegu zake, zinazotaka baridi pia, mradi zisiwekwe pamoja na parachichi.

Kabla jengo halijapatikana, kipimajoto cha kuchomeka kwenye tunda kinanunulika na chama chochote cha ushirika. Lori halijaondoka, yachomwe matunda ya paleti tatu, joto na saa viandikwe kwenye hati ya kukabidhi mzigo, dereva asaini, na nakala ibaki kwa wakulima.