Kile Kistari Baada ya O

Kijitabu changu cha kliniki bado ninacho, jalada limechakaa na kina doa la chai. Ukurasa wa vipimo umeandikwa haraka haraka: O, halafu kistari kifupi. Kwa miezi mitano nilidhani kalamu iliteleza.

Kumbe ni hasi. Chembe nyekundu za damu yangu hazina alama iitwayo Rhesus D. Za mume wangu zinayo, yaani yeye ni chanya, na mtoto akairithi. Damu ya mtoto ikiingia kwenye ya mama, mara nyingi wakati wa kujifungua, mwili wa mama huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili, yaani askari wa kuishambulia. Kifungua mimba kwa kawaida husalimika. Ni mdogo wake anayekuta vita vimeshaandaliwa: kingamwili hupita kwenye kondo na kuvunja chembe zake nyekundu. Huzaliwa na manjano makali, damu imepungua, au hazaliwi hai.

Sindano ya anti-D huzuia hayo tangu 1968. Hudungwa wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya. Mimi nilielezwa siku ya kuruhusiwa nyumbani: "Mama, hii hatuna, mtafute nje." Mume wangu alipanda boda kutoka Kondele hadi mjini, akaipata duka la dawa la tatu, akairudisha ndani ya themosi ya mama mkwe yenye barafu. Kodi ya nyumba ikawa imeliwa.

Kinachoniuma zaidi ni mimba zinazotoka. Hapo pia damu huweza kuchanganyika, lakini mwanamke huambiwa pole, kapumzike. Shangazi yangu alizika watatu mfululizo baada ya kifungua mimba wake. Watu walisema chira, laana ya kuvunja mwiko. Hakuna aliyempima damu.

Kwa maoni yangu, mama akionekana hasi, baba apimwe wiki hiyo hiyo. Naye akiwa hasi, sindano haina kazi (mradi baba ni yeye, wakwe mnisamehe). Akiwa chanya, mna miezi ya kuweka akiba kidogo kidogo. Wenye O chanya msiingiwe na hofu: mtoto wenu mwenye damu ya kundi A au B anaweza kupata manjano, mara nyingi mepesi, hutibiwa kwa taa hospitalini.

Nilipopata wa pili, sindano ilikuwa imeshanunuliwa, iko kwenye friji ya jirani, kando ya maziwa mala.