Kura Sina, Ila Vikao Vyote Nahudhuria

Jana usiku niliamua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, bila kusukumwa na mtu, kwamba leo naamka saa kumi na moja alfajiri. Nikatega alamu. Simu nikaiweka kule juu ya kabati, hatua nne kutoka kitandani, ili nisiifikie kirahisi. Nikalala najisifu kama mtu aliyekwisha kuamka.

Nilipofumbua macho ilikuwa saa moja unusu, jua limejaa dirishani, na simu iko chini ya mto wangu, kimya. Sasa niambieni ninyi: nani alishuka kitandani, akaenda hadi kabatini, akaizima, akarudi nayo na kujifunika vizuri mpaka miguuni? Mama watoto anaapa ni mimi. Anasema nilikuwa nimefumba macho na natembea kwa kujiamini kuliko ninavyotembea mchana.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba ndani ya mwili huu kuna mtu mwingine anayeamua mambo, na mimi ni msemaji wake tu.

Kosa langu ni kumsimulia mpwa wangu, anayesomea falsafa. Alikuja kututembelea, hata hajakaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Hiyo marahaba umeichagua?"

Nikanyamaza. Kweli, nani anachagua marahaba? Inatoka. Ukiniamsha usiku wa manane na shikamoo, marahaba itaamka kabla yangu.

Basi akapata mlango. Akanieleza habari za Mmarekani mmoja, mtafiti wa ubongo Benjamin Libet, aliyekuwa akiwaketisha watu mbele ya saa. Si saa kama hii yetu. Ilikuwa na nukta inayomaliza mzunguko mzima kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kichwani wamebandikwa nyaya za kupima umeme wa ubongo. Kazi waliyopewa ni kukunja kifundo cha mkono wakati wowote wanapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale walipoanza kutaka. (Kazi nzuri sana hiyo. Mimi ningeomba ajira ya kudumu.) Majibu yakachapishwa mwaka 1983: umeme wa kujiandaa ulianza kama milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea. Mwenye mkono akahisi kwamba anataka kuusogeza milisekunde 200 tu kabla.

Umeona mchezo huo? Kwa theluthi nzima ya sekunde, ofisi imeshafungua faili, imeshajadili, imeshapiga muhuri. Ndipo naitwa mimi, ambaye jina langu ndilo limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, nije nitie sahihi. Natia. Halafu natoka nje nakwenda kuwatangazia watu kuwa nimeamua.

"Na si hayo tu," mpwa akaendelea. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwalaza watu ndani ya mtambo wa kupiga picha za ubongo, wachague kitufe cha kushoto au cha kulia. Dalili za chaguo zikaanza kuonekana hadi sekunde 10 kabla ya mtu mwenyewe kujua. "Walikuwa wanaotea sawasawa kwa kama asilimia 60."

"Asilimia 60?" Mama watoto akauliza kutoka jikoni. "Na mitambo yote hiyo? Mimi huyu akisema 'Jumamosi natengeneza koki,' tangu Jumatatu najua kwamba hatengenezi. Na wala sijamfunga waya kichwani."

Niseme kidogo kuhusu hiyo koki. Ni ya jikoni, inavuja. Inadondosha tone, inanyamaza kama imeacha, unashusha pumzi, inadondosha jingine. Dawa yake ni kubadilisha kile kimpira cha ndani kilicholika, kazi ya dakika 20. Kimpira nilishanunua. Spana ninayo. Nimeamua kuitengeneza mara kumi na moja, na kila mara niliamua kwa dhati kabisa.

Kumbe jambo langu lilishaandikwa zamani na mwanafalsafa Mjerumani, Schopenhauer, kwenye insha iliyompatia tuzo huko Norwei mwaka 1839. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anaweza kufanya anachotaka, lakini hawezi kuchagua atake nini. Nilitamani nimpe mkono. Mimi koki nikitaka kuitengeneza naweza. Tatizo sitaki. Nimejaribu kutaka. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti nikajaribu kutaka kutaka, kwa saa nzima, mpaka jasho likanitoka, na kutaka hakukuja.

Halafu hii lugha yetu nayo iko upande wangu. Tusikilize tunavyosema. Glasi ikinianguka sisemi nimeivunja, nasema imevunjika. Yenyewe, kwa sababu zake. Simu imenipotea, utadhani ilifunga mizigo. Usingizi ulinipitia. Hasira zilinipanda. Maneno yalinitoka. Siri iliniponyoka. Siku nzima mtu anapitiwa, anapandwa, anatokwa, yeye amekuwa kama kituo cha mabasi. Na mambo yakizidi kabisa, shetani alinipitia, na wala hakukaa, maana alikuwa njiani akielekea kwingine. Lakini subiri nifaulu kitu. "Nimefaulu!" Hapo kitenzi kimesimama wima na mimi niko mbele yake nimetoa kifua. Hujapata kusikia mtu akisema kufaulu kulimpitia.

Na lipo neno moja ambalo kila nikilifikiria nywele zinanisimama: nilijikuta. "Nilijikuta nimenunua viatu." Yaani nilikuwa nimetangulia dukani, nikalipa, halafu nikaja kwa nyuma nikanikuta hapo na mfuko mkononi!

Methali ndiyo usiziguse, zitakuuza. Hiari yashinda utumwa, tunaambiwa. Unatulia na hiari yako. Jirani anakuja na liandikwalo ndilo liwalo. Wote wawili wamelelewa na bibi mmoja.

Basi nikaona nimepata wakili. Mpwa alipoondoka, nikaenda jikoni, nikasimama kwa heshima.

"Mama watoto, nataka ujue kitu. Kwa mujibu wa sayansi, asiyetengeneza koki si mimi. Ni ubongo. Mimi taarifa napelekewa baadaye."

Akanitazama. Akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sawa, baba watoto. Basi ujue na huu mdomo wangu, ukianza, si mimi."

Ukaanza. Ulikwenda nusu saa. Uligusa koki, ukagusa dirisha la chooni, ukarudi nyuma miaka mpaka kwenye harusi, na kila nikiinua mkono kuomba nafasi, mwenyewe anasikitika: "Pole, hata mimi nausikiliza tu."

Nilimpigia simu mpwa nimlalamikie, akacheka hadi akakata pumzi. Anasema kesi hiyo ilishahukumiwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Inasimuliwa kwamba Zeno wa Citium, yule mwanzilishi wa Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walioamini kwamba kila jambo limeshapangwa, alimkamata mtumwa wake ameiba. Anampiga, mtumwa akajitetea kwa falsafa ya bwana wake mwenyewe: nilikuwa nimeandikiwa kuiba. Zeno akamjibu: na kupigwa pia. Mama watoto hajawahi kumsoma Zeno, na sioni kama anamhitaji.

Nikamuuliza mpwa, hakuna hata mwanya mdogo? Akanipa miwili mitatu. Huyo Libet mwenyewe hakusema hiari imekufa. Aliona kwamba katika zile milisekunde za mwisho mtu bado anaweza kulizuia tendo lisitoke. Yaani mimi si mkurugenzi, ila ni mlinzi wa getini. Siruhusiwi kuanzisha kitu, naruhusiwa kuzuia. Sawa, kazi ni kazi. Ila sasa naelewa kwa nini alamu ilinishinda: saa kumi na moja alfajiri walinzi wote duniani wamesinzia. Mwingine, Aaron Schurger na wenzake, mwaka 2012 wakaja na hesabu zinazoonyesha kwamba huenda ule umeme wa kujiandaa si uamuzi hata kidogo. Ubongo una makelele yake, yanapanda na kushuka, na yakifikia kiwango fulani mkono unaondoka. Hapo sijui nifurahi au nilie. Nilidhani natawaliwa na bosi wa siri, kumbe huenda natawaliwa na kelele.

Wanafizikia nao sikupata kitu kwao. Mfaransa Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba kama kungekuwa na akili inayojua kila chembe ya ulimwengu iko wapi na inasukumwa na nini, kwake yajayo yangekuwa wazi kama yaliyopita. Maana yake koki yangu ilikuwa imeshaanza kuvuja kimahesabu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Karne ya 20 wakaja wengine wakasema hapana, chembe zile ndogo kabisa zina mambo ya kubahatisha. Ahsanteni sana. Nilikuwa mtumwa wa hesabu, sasa mmenihamishia kwenye bahati nasibu.

Lakini haya yote ningeyameza. Mimi si mtu wa makuu. Kama hiari haipo, haipo. Nimekosa mengi zaidi ya hayo. Kinachonikera ni kimoja: kama siamui mimi, mbona ninayechoka kwa kuamua ni mimi? Leo asubuhi, nikiwa tayari nimechelewa, nilisimama mbele ya mashati mawili, la bluu na la bluu zaidi, kwa dakika kumi na tano. Nililishika hili, nikaliacha. Nikalishika lile, nikalipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikarudi kwa la kwanza kwa aibu. Wapo waliosimulia habari za punda aliyewekwa katikati ya mafungu mawili ya nyasi yaliyo sawasawa, akafa njaa kwa kukosa sababu ya kuanza na lipi. Wakambandikia Buridan, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 14, ingawa katika maandishi yake punda huyo hayupo. Angalau punda alikuwa na njaa. Mimi nilikuwa na mashati.

Kama jibu lilikuwa limeshapitishwa kule ndani, si wangeniambia tu? "Mzee, ni la bluu, vaa twende." Kwa nini niketishwe kwenye kikao, nigawiwe ajenda, niumwe kichwa, nikose usingizi, halafu mwishoni niambiwe kura yangu haikuhesabiwa? Tena lawama zikija, anayeandikiwa barua ni mimi!

Usiku huu nikasema nitamvizia. Huyo anayeamua, nimwone. Nikalala chali gizani, macho kwenye mishale ya saa ya ukutani, kama wale watu wa Libet. Koki inadondosha. Nikajiambia: nisifanye chochote, nitazame tu uamuzi utakapotokea, nitaje dakika. Tone. Saa saba na dakika kumi, hakuna kitu. Tone. Na robo, hakuna kitu. Nikaanza kufikiria mashati. Nikafikiria Zeno. Tone.

Nikajikuta niko jikoni. Taa imewashwa, maji yamefungwa, spana imeshika, kile kimpira kipya kiko mdomoni ili kisipotee, na miguu yangu inauliza kwa nini sikuvaa ndala. Sikuona kitu. Uamuzi ulipita palepale nilipokuwa naulinda, na mimi nilikuwa kwenye mashati.

Spana ikateleza, ikagonga sinki kwa kishindo.

"Nani huyo?" Sauti ya mama watoto, nzito ya usingizi.

"Mimi," mdomo ukajibu haraka, pamoja na kimpira, kabla sijashauriwa.

"Wewe nani?"