Kijani cha Leicester na nafasi ya 41 ya Mwanza

Hili jambo la ripoti za shule limenikaa toka Desemba, nikasema acha niliandike, maana najua kuna wazazi wengi wana watoto wanaoingia mwaka wa mtihani na wameshika ripoti mkononi hawajui wafurahi au walie.

Mi nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa nne sasa, ila kwetu ni Mwanza, Nyakato, nimezaliwa hapo na nimekulia hapo. Kijana wangu alikuja huku na miaka 12. Julai iliyopita kamaliza Year 10, ndo mwaka wa mwisho kabla ya mwaka wa mtihani wenyewe wa GCSE, mtihani wao mkubwa wa sekondari, ule wanaofanya Mei na Juni matokeo yanatoka Agosti. Ripoti yao inakuja kwenye simu. Kila somo lina namba tatu, ya kwanza ni lengo, ya pili alipo sasa hivi, ya tatu ni pale walimu wanapotarajia atafika, na namba zenyewe zinaanzia 1 mpaka 9 halafu 9 ndo ya juu kabisa, yaani kinyume na kwetu ambako pointi 1 ndo A. Mama yangu alipiga simu akauliza mjukuu kapata ngapi hesabu, nikamwambia nne. Akanyamaza. Kichwani kwake four ni ile divisheni four ya kwetu, ya mwisho kabla ya ziro. Ikabidi nimweleze kwamba huku 4 ni kufaulu, inalingana na C yao ya zamani, na 5 wanaita kufaulu vizuri.

Sasa kijana hesabu alikuwa na lengo 5, alipo 4, anatarajiwa 5, na pembeni kisanduku cha kijani maana yake yuko kwenye mstari. Nilifurahi sana, nikaweka simu chini nikaendelea na maisha. Kilichonishtua ni mama mmoja wa Mombasa tunafanya naye kazi ya kuhudumia wazee, yeye watoto wake wawili walishapita huko. Akaniuliza, dadangu, mwanao anafanya karatasi ya juu ama ya chini? Mi sikujua kama kuna karatasi mbili! Kumbe hesabu ina pepa la juu na pepa la chini, na anayefanya la chini hata apate maswali yote hawezi kuvuka 5, ndo dari lake. Na huyu mtoto anataka uinjinia, na ili uendelee na hesabu baada ya hapo shule nyingi zinataka angalau 6 au 7. Kwa hiyo kile kijani kilikuwa kinaniambia mwanangu anaelekea vizuri kabisa kwenye dari ambalo mi sijui ni nani kaliweka.

Nikaomba miadi shuleni, nikauliza lengo la 5 limetoka wapi. Wakanieleza kwamba watoto waliokulia hapa lengo lao linatokana na mitihani waliyofanya wakiwa na miaka 11, mwisho wa shule ya msingi. Wangu hakuwepo, kwa hiyo walitumia jaribio la shule alilofanya wiki za mwanzo alipofika. Wiki za mwanzo jamani! Mtoto katoka Nyakato juzi, kila swali analitafsiri kichwani kwanza ndo aanze kulijibu, halafu hiyo siku moja ndo imebeba lengo lake mpaka leo. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Hakuna aliyemfanyia ubaya, ni kwamba hakuna aliyerudi kuiangalia tena ile namba.

Nikaomba mapepa yake ya mwaka mzima. Tukakaa nayo mezani jumapili nzima. Hesabu tupu, yaani zile za namba na milinganyo, kapata karibu zote. Alipoanguka ni kwenye maswali ya maelezo marefu, sehemu moja hakuelewa kabisa neno lenye maana ya "isiyopungua", akafanya hesabu safi ya swali ambalo hakuulizwa. Hilo siyo tatizo la hesabu, ni la lugha, na linatibika. Nikarudi na yale mapepa shuleni, wakakubali afanye moko, yaani mtihani wa majaribio, kwa pepa la juu.

Desemba nikaja Mwanza. Dada yangu mkubwa anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na binti yake kamaliza Form Three shule ya kata, Januari anaingia Form Four. Nafika tu nakuta nyumba imenuna. Ripoti imekuja, nafasi ya 41 kati ya 138, hesabu F, maoni ya mwalimu "aongeze bidii". Dada kashasema simu inachukuliwa, kwaya basi, na akaongeza kwamba akileta tena hivi atakuja kuanika dagaa. Binti halii wala hajibu, anaangalia chini tu.

Nikaomba ile ripoti nikachukua kalamu. Kwetu hii hesabu mzazi anaweza kuipiga mwenyewe, na hapa naisifia Tanzania kwa moyo wote, maana viwango vinajulikana kabla mtoto hajaingia chumba cha mtihani, 75 A, 65 B, 45 C, 30 D, chini ya hapo F. Huku Uingereza mipaka ya alama inapangwa baada ya mtihani kusahihishwa na inabadilika kila mwaka, mzazi huwezi kusema mwanangu ana 62 basi ni gredi fulani. Kwetu hata bodaboda anajua one ya saba ni nini, yaani divisheni one ya pointi saba, A tupu. (Najua na sisi tumewahi kuyumba, matokeo ya 2014 walipoweka GPA, wastani wa pointi, badala ya divisheni, watu walichanganyikiwa, mwaka uliofuata divisheni zikarudi.) Basi tukachukua masomo saba bora ya binti, ndo yanayohesabiwa divisheni: Kiswahili B pointi 2, uraia, historia, jiografia na baiolojia C, tatu tatu hizo ni 12, Kiingereza na kemia D, nne nne, jumla 22. Three ya 22. Na two inaishia 21. Kemia alikuwa na 43, yaani angepata alama mbili tu zaidi ingekuwa C na angekuwa na two ya 21. Dada akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema mbona hakuna aliyeniambia hivyo.

Na hilo ndo ninalotaka kulisema hapa. Ile 41 inamwambia mzazi kuna watoto 40 mbele ya mwanao, basi, haisemi mtoto hajui nini, na mwakani Necta, baraza la mitihani, haimpi mtu divisheni kwa nafasi ya darasani. Necta wenyewe toka 2023 wameacha kutangaza zile shule na wanafunzi kumi bora, lakini shuleni kwetu nafasi bado ndo inaandikwa kubwa kuliko kitu chochote. Mi naona nafasi itolewe, na badala yake mzazi aandikiwe topiki tatu ambazo mtoto hajazishika. Mwalimu ana watoto wengi na mapepa marundo, naelewa, ila mapepa si yapo? Mtoto arudi nayo nyumbani.

Binti alikuwa nayo kwenye begi, kayaficha. Hesabu 27, alama tatu chini ya D. Nikaanza na lile swali la dunia kama tufe, latitudo na longitudo, umbali kati ya miji miwili. Kanuni kaiandika sawasawa, ila mji mmoja uko kusini mwa ikweta mwingine kaskazini, yeye akatoa badala ya kujumlisha. Swali zima likaenda. Kwao ni mlimani Mabatini, ukitoka nje ziwa unaliona, nikamtoa pale nikamwambia, mwanangu, sisi hapa ni kama nyuzi mbili na nusu kusini, Kampala iko ng'ambo ya maji haya haya, kidogo tu kaskazini, na ikweta inakata ziwa huko upande wa kaskazini, sasa ukitoka hapa kwenda Kampala si unatembea kwanza mpaka kwenye ikweta halafu unaendelea? Akakaa kimya kidogo akasema, "Kumbe unajumlisha, mama mdogo." Hakukosea tena, nilimpa matano.

Sisemi kwamba atapata one. Mitihani ya shule siyo Necta, kuna shule zinasahihisha kwa huruma na kuna zinazokaza, na mwaka mzima uko mbele. Na kijana wangu moko yake ya pepa la juu matokeo bado, naweza kukuta 4 ile ile. Lakini saa hizi najua naangalia nini.

Dada naye kabadilika. Simu ya binti karudisha, kwaya anaenda, kwa sharti kwamba kila pepa la majaribio linakuja nyumbani na linakaa mezani. Juzi kanitumia picha WhatsApp, pepa la kemia la wiki ya pili ya Form Four, maswali mawili ya moli kayazungushia duara kwa ile kalamu anayoandikia madeni ya dagaa, halafu chini kaniuliza kama namjua mwalimu wa kemia maeneo ya Mabatini au Igogo anayefundisha jioni, kwa sababu haya mawili tu ndo mtoto hajayaelewa.