Kanisa Litafunga Siku Tatu

Niliteuliwa kuwa mkuu wa mawasiliano wa kanisa letu kwa sababu moja tu: simu yangu ina kamera tatu. Mpiga kinanda ana akili kuniliko, lakini yeye anatumia kabambe iliyofungwa kwa raba bendi. Basi kura zikaniangukia mimi, dereva wa tuktuk.

Kanisa lenyewe ni la mabati, huku Maweni, Malindi. Viti ni vya kukodi. Mtandaoni tulikuwa na ukurasa wa Facebook wenye picha moja ya Krismasi ambayo kwaya nzima imefumba macho, na kikundi cha WhatsApp ambacho asubuhi ni mistari ya Biblia na mchana ni mtu anauza samaki, changu na tafi.

Januari 2024 Mchungaji akatangaza mfungo wa siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kama makanisa mengi yanavyofanya mwaka unapoanza. Kuna walioguna. Hiyo ilikuwa Njaanuari, ada za shule zimeshakomba kila kitu, hata asiyefunga alikuwa amefunga.

Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa akaniita kando, chini ya mwarobaini.

"Kijana, hilo tangazo liandike kwa akili. Usitaje njaa, usitaje chakula. Unajua tunakaa wapi."

Nilijua. Shakahola ni huku huku kwetu. Tangu miili ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ianze kufukuliwa kule msituni Aprili 2023, hadi ikapita 400, mtu wa kanisa akitamka neno "kufunga" hapa Malindi watu hunyamaza na kumtazama usoni. Hilo halina mzaha, na mzee hakuwa na makosa. Nikamwahidi tangazo fupi, safi, lisilomtisha mtu.

Usiku nikakaa kitandani na programu ya kutengeneza mabango. Kwanza niliandika: "Kanisa litafunga na kuomba kwa siku tatu, chakula ni jioni." Nikakumbuka maneno ya mzee, nikafuta chakula. Halafu herufi zikawa ndogo, na mimi nilizitaka ziwe kubwa za kuonekana kutoka barabarani, nikafuta na "kuomba". Likabaki hivi:

KANISA LITAFUNGA
JUMATATU – JUMATANO

Bango bila picha halinogi. Nikatafuta picha kwa neno "funga", programu ikaniletea kufuli la rangi ya dhahabu, zito, linang'aa. Nikalitazama nikasema moyoni, hili ndilo. Tunamfungia shetani nje. Chini, kwa mwandiko wa kupinda, nikamalizia: "Asanteni kwa kuwa nasi. Mungu awabariki."

Saa tatu usiku nikalirusha kote, nikazima data kuokoa bando, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mke wangu akanitikisa. "Baba, kuna mtu kanisani na mkokoteni."

Nikatoka na shuka kiunoni. Mwenye viti alikuwa ameshapakia karibu nusu, anavifunga kwa kamba ya katani. Naye alikuwa anafunga, kwa namna yake.

"Mwanangu," akaniambia bila kusimama, "mimi sina ugomvi na Mungu. Nadai miezi miwili. Kanisa likifungwa, nitamdai nani, malaika?"

Ndipo nikawasha data. Simu ilitetemeka hadi nikahisi itaniponyoka mkononi. Binti mmoja wa kwetu anayefanya kazi za nyumbani Riyadh alikuwa amempigia mamake saa tisa usiku akilia kwamba kanisa lililombatiza limekwisha. Jamaa mmoja aliyetuhama mwaka juzi ameandika, "Poleni, tulijua yatafika huku." Mwingine anauliza kinanda kitauzwa bei gani. Na mama wa bibi harusi wa Jumamosi ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu za kwanza kilio kitupu, kisha: "Kanisa likifunga, mwanangu atafungia wapi ndoa?"

Huku nje muuza kahawa, jirani yetu Mwislamu, ameegemea dele lake ananitazama kwa huruma.

"Kijana, nyinyi mna mambo. Sisi tukifunga msikiti ndio unajaa. Nyinyi mkifunga mnatia kufuli?"

Nikaona nirekebishe haraka. Lakini WhatsApp inakupa dakika kumi na tano tu za kuhariri ulichotuma, nami nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tisa na nusu. Nikalifuta bango lote. Kosa la pili hilo. Mahali pake pakabaki maneno "Ujumbe huu umefutwa", na kwa mtu mwenye wasiwasi hakuna ujumbe unaosomeka kuliko huo. Mama mmoja akaandika: "Wameanza kuficha." Na skrinishoti zilikuwa zimeshafika Watamu, zikapita, zikafika Mariakani.

Basi nikaandika ufafanuzi. Hapa naomba radhi mapema.

"Wapendwa, puuzeni uvumi. Hatufungi milango. Tunafunga midomo. Siku tatu."

Nusu saa baadaye chifu alishuka kwenye bodaboda. Nyuma yake wazee wawili wa mtaa. Hakukaa, ingawa viti vilikuwepo, juu ya mkokoteni.

"Nani anafunga midomo ya watu hapa?"

Mchungaji akatoka na Biblia na bakora, mtu mpole, akaeleza taratibu: wanaofunga ni watu wazima, kwa hiari yao. Maji yanaruhusiwa. Watoto, wajawazito, wanyonyeshao, wenye sukari na wanaokunywa dawa hawafungi. Jioni kila mtu anakula. Chifu akauliza maswali yake yote, majina na idadi, na kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Alipotosheka akakunja karatasi yake.

"Sasa mbona hamkuandika hivyo?"

Uwanja mzima ukageuka ukanitazama mimi na shuka langu.

"Jioni mnakula saa ngapi?" akaniuliza chifu.

"Saa kumi na mbili, mheshimiwa."

"Andika. Sasa hivi, nikiona."

Hebu jaribu kuandika Kiswahili sanifu serikali ikikupumulia shingoni. Vidole vilitoa jasho. Nikaandika: "Tutafungua kila siku saa kumi na mbili jioni hapa kanisani. Wote mnakaribishwa." Chifu akasoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Hata mwenye viti akalegea. Kama tutafungua, basi lipo. Akaanza kushusha. Nami nikarudi kwenye tuktuk yangu nikijiona mwanadiplomasia.

Sasa, wewe uliyekulia Pwani unajua ninapoelekea. Kwetu, ukimwambia mtu "tutafungua saa kumi na mbili, karibu", hujamwambia habari za mlango.

Saa kumi na moja na robo wakaanza kuingia. Kwanza watoto wa mtaa, na sahani. Kisha mama wawili na mabakuli yenye vifuniko. Kisha mabaharia wanne waliotoka baharini moja kwa moja, magamba ya samaki bado mikononi, wamekaa mstari wa mbele kabisa ambapo hata washirika wetu hawakai. Wakristo, Waislamu, wapita njia. Mwenye viti mwenyewe alikuja na mkewe. Muuza kahawa alileta tende, akasema futari bila tende si futari, hata kama ni ya Wakristo.

Mama mweka hazina alihesabu vichwa kutoka dirishani, akahesabu tena, kisha akanihesabu mimi.

"Mna shilingi ngapi kwenye simu, mkuu wa mawasiliano?"

Mapato yangu yote ya siku yaliishia kwenye mchele, pojo na nazi. Akina mama walikuna nazi wenyewe wakiwa wamefunga, wananusa tui na kunitazama bila kusema neno. Kimya hicho nilikisikia mpaka mifupani. Chakula kilitoka saa moja na nusu. Hapo ndipo Mchungaji alipoichukua simu yangu, akabonyeza pale pa sauti, akasema kwa muda usiozidi dakika moja, kwanza Kiswahili kisha Kigiriama: kanisa lipo, linaomba, wagonjwa wasifunge, kesho kila mtu ale kwake. Akairusha. Hata wenye kabambe waliisikia, maana wajukuu waliwawekea masikioni. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilikuwa nimetumia bango, kufuli la dhahabu na matangazo matatu.

Kesho yake nilimbeba mteja wangu wa siku zote, mzee wa Kiitaliano aliyestaafu akahamia Malindi, nikamsimulia kwa Kiitaliano changu cha ufukweni. Alicheka hadi akashika bomba la tuktuk. Akaniambia Machi 2020, makanisa ya kwao yalipofungiwa ibada za waumini kweli kwa sababu ya korona, padri mmoja wa Polla, kusini mwa Italia, alirusha misa mubashara akabonyeza pasipopaswa, na katikati ya sala akaota kofia nyeusi na miwani ya jua. Nilimwonea wivu padri yule. Yeye hakupikia watu.

Kamati ilikaa Alhamisi. Nilidhani nitavuliwa cheo, lakini hakuna mwingine mwenye kamera tatu. Wakaamua tangazo lolote, kabla ya kurushwa, nimsomee Nyanya anayekaa karibu na mlango, mkongwe wetu kuliko wote. Hajui kusoma, na hana haya. Akiuliza hata swali moja, tangazo linarudi.

Ijumaa nikaenda na tangazo la harusi, nimelipima kila neno. Nikakaa kwenye mkeka wake, nikakohoa, nikasoma:

"Kesho saa nne asubuhi, Mchungaji wetu atafunga ndoa kanisani. Wote mnakaribishwa."

Nyanya akaacha kusuka ukili. Akanitazama kwa jicho lake moja zima.

"Na mama mchungaji ameshaambiwa?"