Ukishika spana mwenyewe, fundi anabaki na nini?

Wenye magari huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka Kisumu, wako kambi mbili na kila kambi ina hasira na ingine. Ya kwanza inasema fundi ni mwizi, spea ya elfu mbili anakuambia ni nne, gari inaingia garaji na shida moja inatoka na tatu, kwa hivyo afadhali ununue seti yako ya spana, ufungue YouTube ujifanyie. Ya pili ni mafundi wenyewe pamoja na wateja wanaowaamini, na hao wanasema ni hizo gari za kufunguliwa na mwenyewe akitazama simu ndio huletwa zikivutwa na kamba, na kazi ingekuwa ya saa moja sasa ni ya siku mbili. Ukweli uko pande zote mbili na sisemi hivyo ndio nisikosane na mtu. Lakini kuna kitu wote wanaruka, nayo ni pesa ya leba, yaani malipo ya kazi ya fundi. Nitafika huko.

Tuanze na mwenye gari. Gari nyingi tunazoendesha ni za Japan zilizotumika, sheria inakubali ziingizwe kama hazijapita miaka 8, na inakuja na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna mtu anasoma. Kwa hivyo mtu anaendesha gari miaka mitano na hajui inakula oili gani wala lita ngapi. Anaamini tu. Chukua Toyota Probox ama Fielder zile za injini ya 1NZ: ukibadilisha oili pamoja na filta inataka kama lita 3.7, na galoni inauzwa ya lita 4. Fundi mwenye magari sita yamempangia foleni anamimina galoni yote anafunga. Oili ikizidi sana krenki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu hailainishi chuma, halafu presha inatafuta sili ya kutokea. Mwenye gari akifanya hii kazi mwenyewe anamimina kidogo kidogo, anangoja dakika chache ishuke, anachomoa dipstiki anapangusa anarudisha anaangalia tena, kwa sababu ni gari moja na ni yake na hakuna mtu anamharakisha. Huo utulivu fundi wa foleni hana, na sio eti ni mbaya, ni vile siku yake imepangwa.

Kuna ile ingine ya themostati, na hii inaniuma kweli. Gari ikianza kuchemka, mafundi wengi sana, na sio wabaya tu, wanatoa themostati wanatupa, wengine wanaunga feni iwe inazunguka bila kukoma. Gari inaacha kuchemka, mteja anafurahi analipa anaenda. Sasa angalia chenye kimefanyika. Themostati ya hizo injini inafunguka maji yakifika kama digrii 82, iko pale ili injini ipate joto haraka na ikae hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi asubuhi nzima, kompyuta inadhani bado inawaka sasa hivi, inaongeza petroli, na wewe unaanza kulalamika gari imeanza kunywa mafuta. Na chenye kilikuwa kinachemsha, radieta iliyoziba ama gasketi ya silinda hedi inayoanza kuachilia, bado kiko hapo kinakungojea upande mlima na watu watano na mizigo. Huku kwetu ni mbaya zaidi kwa sababu ya milima. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kama kwa digrii 94, sio 100, na ukienda Timboroa yanachemka chini ya hapo. Yenye inazuia maji ya radieta yasichemke mapema ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha radieta, kale kadogo ka springi. Kikichoka, gari inayotembea vizuri tambarare ya Ahero inaanza kutoa mvuke ikipanda Mau Summit, na utauziwa radieta nzima wakati ulihitaji kifuniko. Mwenye gari aliyesoma kuhusu gari yake atauliza kwanza kuhusu kifuniko. Hiyo peke yake imelipa zile jioni zote alikaa akitazama video. (Na tafadhali, kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama uko na haraka namna gani.)

Hapo mwenye gari ameshinda. Lakini sikiliza upande wa pili.

Siku hizi kila mtu ana kale ka skana ka ELM327 ka kusoma makosa ya gari, ka kuunga na simu, unakapata kwa chini ya elfu mbili. Taa ya injini inawaka, unaunga, inakuletea kodi ya kosa P0171, unaandika kwa Google, mtu wa Marekani anakwambia ni sensa ya oksijeni, unanunua, unafunga, taa inarudi. Sasa P0171 inasema tu hewa imezidi petroli. Haisemi ni nini kimeleta. Inaweza kuwa paipu ya hewa imepasuka pale chini penye huoni, inaweza kuwa sensa ya hewa imejaa vumbi ya barabara ya Nyahururu, inaweza kuwa pampu ya petroli imechoka. Fundi mzuri anawasha injini, anatega sikio, anapulizia kitu kidogo kwenye paipu anasikia mlio ukibadilika, na kwa dakika kumi amepata. Hayo ni masikio ya miaka na hakuna simu inakupa. Skana inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi mlango.

Plagi nayo, watu wanasema ni kazi ya mtoto. Ni kweli, mpaka uiingize ikiwa imepinda kidogo kwa silinda hedi ya aluminiamu, uisukume na spana badala ya kuianza na vidole, na ukishaharibu nyuzi hiyo sio tena kazi ya shilingi mia chache. Gia boksi ya CVT ndio sitaki hata kuona mtu akigusa na kubahatisha. Nissan Note na zile Toyota za CVT zinataka oili yake hasa, Nissan wanaandika NS-3, Toyota wanaandika FE, kwa sababu ndani hakuna gia za kawaida, kuna ukanda wa chuma unaobanwa na puli mbili na ile oili ndio inaufanya ushike. Ukiweka ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, ukanda unateleza, unakwaruza puli, na vyuma vilivyokwaruzwa vinamaliza kila kitu. Ila nisiwe mwongo, CVT nyingi zimeuawa na mafundi, sio na wenye magari. Kwa hivyo hapo hakuna kambi ya kujivuna.

Breki ndio mahali mimi siko katikati. Ukitoka Mau Summit ukishuka kuelekea Salgaa unajua hiyo barabara imekula watu wangapi. Oili ya breki inavuta unyevu kutoka kwa hewa hata gari ikiwa imelala. Oili ya breki ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya digrii 205, lakini ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 140, na breki zikishikiliwa kwa mteremko mrefu hiyo joto inafikika. Ikichemka inatoa mvuke ndani ya paipu, pedali inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Kubadilisha breki pedi mtu anaweza kujifunza, sikatai, ni bolti mbili na kalipa. Lakini yule wa video anakuonyesha pedi inatoka na ingine inaingia, hakuonyeshi pini za kalipa zilizokauka zinazofanya pedi ya ndani iishe ya nje ikiwa bado mpya, na hakuonyeshi vile unatoa hewa kwa paipu. Kama hujawahi kufanya na mtu anayejua akiwa amesimama hapo kando yako, usifanye peke yako. Na chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hakuna mtu anaingia, awe fundi awe nani. Nimeona garaji wanaweka mawe. Mawe! Tafuta stendi za chuma za kushikilia gari.

Sasa leba. Gari ikifika kwa fundi, kitu cha kwanza tunauliza ni "spea pesa ngapi", tukishakubaliana hapo tunaanza kumkata kwa leba. Ameinama saa tatu akitafuta waya uliokatika, mwisho amepata, amefunga kwa tepu, hakuna spea imenunuliwa, na mteja anamuuliza kwa sauti kubwa, "si umefunga tu tepu?" Anampea mia tatu. Huyo fundi amejifunza nini hapo? Amejifunza kuwa kufikiria hakulipwi, kinacholipwa ni kitu kipya kwenye boksi. Kesho yake gari ingine ikija na shida ya waya atasema alteneta imekufa, aende dukani alete ya eksi-Japani, aweke elfu moja na mia tano juu, na nyumbani watoto wale. Sisi wenyewe tumemsukuma huko halafu tunamwita mwizi. Simtetei anayedanganya, anajua anadanganya. Lakini kama tungelipa saa yake ya kupima, tulipe wazi hata kama hakuna kitu kimebadilishwa, hangekuwa na sababu ya kujificha ndani ya bei ya spea.

Na ndio maana naona mwenye gari anayejua kidogo ni mteja mzuri wa fundi, sio adui. Anaweza kununua spea mwenyewe, akaangalia namba zilizoandikwa kama zinafanana na za zamani, fundi akalipwa leba peke yake na leba ya maana. Mafundi wengine hawapendi hivyo, wanasema ukileta spea yako ikiharibika usirudi kwao. Hiyo ni haki yao, spea feki ziko nyingi na hawawezi kubeba dhambi ya duka hawakuchagua. Mnakubaliana kabla bonati haijafunguliwa.

Kuhusu vyeti sina mengi. Mafundi wengi wa hapa Nakuru na kule Kibuye, Kisumu, wamefunzwa na fundi mwingine wakishikilia tochi, na kuna mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi za viwanda, gredi ya 3 mpaka 1, ambao mtu kama huyo anaweza kufanya bila kupitia chuo. Naomba wafanye. Sio kwa sababu karatasi inafungua bolti, ila bei ya leba ni rahisi kuitetea ukiwa nayo.

Kuna kitu kinakuja ambacho kitasumbua kambi zote mbili. Toyota Aqua zimejaa, haibridi, yaani gari za petroli na umeme pamoja, zinaongezeka kila mwezi, na ile betri kubwa ya Aqua za kizazi cha kwanza ni volti 144, sio 12. Waya zake ni za rangi ya machungwa na hiyo rangi imewekwa ikuambie usiguse. Kuna plagi ya kukata umeme inatolewa kwanza, kuna dakika za kungoja, kuna glavu maalum za umeme. Zenye mwenye gari anaweza kufanya kwa Aqua ni oili, filta, na kusafisha ile feni ya betri iliyo pale nyuma isizibwe na vumbi na nywele, kwa sababu ikizibwa betri inapata joto na kufa mapema, na hiyo kazi ya bisibisi na brashi hakuna mtu anaifanya. Ukipita hapo tafuta fundi aliyefunzwa haibridi, muulize alifunzwa wapi, muulize glavu zake ziko wapi, akianza kucheka swali lako rudi kwa gari yako uondoke.