Kiasi, kujizuia au kujitawala?

Katika Wagalatia 5:23, Biblia ya Kiswahili ya Union Version inafunga orodha ya tunda la Roho kwa neno moja: kiasi. Msomaji wa leo hulipita bila kusimama, kwani analijua kutoka "kiasi gani?" na "kiasi cha fedha". Neno la Kigiriki lililopo hapo ni enkrateia, lenye mzizi wa kratos, yaani nguvu au mamlaka. Je, hilo neno kiasi tulibadilishe, tuweke kujizuia au kujitawala?

Wanaopendelea neno kujizuia wana hoja nzito. Tafsiri hiyohiyo, ikikutana na kitenzi cha asili hiyo katika 1 Wakorintho 9:25, inasema mwanamichezo "hujizuia katika yote". Kitenzi hiki hubeba hata tukio la ghafla: "alishindwa kujizuia, akaangua kicheko". Weka kiasi hapo, sentensi haisimami. Lakini kujizuia ni breki tupu. Anayeamka alfajiri kufanya mazoezi asiyoyapenda hajizuii na kitu. Anaisukuma nafsi yake. (Na tuache kuandika "kujizuia nafsi": ile -ji- tayari ndiyo nafsi yenyewe. Ama kujizuia, ama kuizuia nafsi.)

Kiasi nacho kina utajiri wake. Asili yake ni Kiarabu, kwenye maana ya kupima. Anayekula kwa kiasi anakula, ila anajua pa kukomea. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliwatenga watu wawili: mmoja ana tamaa mbaya na anaishinda, mwingine tamaa zake zimekwisha kutulia, hana vita. Wa kwanza ana enkrateia, wa pili ana sofrosune. Kwa sikio la Mswahili, wa kwanza "anajizuia", wa pili ni "mtu wa kiasi". Union Version imewavisha wote wawili kiasi, maana hata "moyo wa kiasi" wa 2 Timotheo 1:7 unatoka kwenye ukoo wa sofrosune. Tofauti hiyo nzuri ikapotea, na inauma.

Kwa Wagalatia ningechagua kujitawala, kwa sababu ya ile mamlaka iliyo kwenye mzizi. Kweli, nchi nazo hujitawala. Penye utata, andika "kuitawala nafsi". Kiasi kibaki kwenye chakula, mavazi na maneno, ambako kosa ni kuzidisha. Mwizi ukimwambia awe na kiasi, atasikia kwamba kidogo kinaruhusiwa. Huyo mwambie ajizuie.