Bakteria ndugu, mmoja anakulisha mwingine anakuotesha uvimbe

Juzi niko shamba kwa bibi nikang'oa mche wa maharage, mizizi imejaa vinundu kama punje za mtama, nikapasua kimoja kwa ukucha ndani kuna wekundu wa nyama mbichi. Bibi akashtuka, "huo si ugonjwa huo mjukuu wangu?" Nikamwambia hapana bibi, humo kuna bakteria wanavuta naitrojeni ya hewani wanalisha mmea, na huo wekundu una undugu na wa damu yetu.

Ila swali la bibi lilikuwa na akili kuliko alivyojua mwenyewe. Mwaka 2001 ilitoka jenomu nzima (yaani DNA yote) ya bakteria Sinorhizobium meliloti, anayetengeneza vinundu kwenye lusini, majani ya kulisha mifugo, na Desemba ya mwaka huohuo ikatoka ya Agrobacterium tumefaciens, yule anayeotesha uvimbe kwenye shina. Kuzilinganisha, kromosomu zao kubwa zinafanana mno, jeni nyingi ni zilezile na mpangilio uleule. Tofauti kubwa iko kwenye plasmidi, yaani DNA ya pembeni nje ya kromosomu, mmoja kabeba jeni za vinundu kwenye plasmidi ya herufi za DNA milioni 1.35 hivi, mwenzake kabeba plasmidi ya uvimbe. Yani ndugu kabisa, kinachowatofautisha ni begi la mgongoni.

Na jeni zenyewe za vinundu zinahama! New Zealand walipanda lotasi, mmea wa jamii ya kunde, na aina moja tu ya Mesorhizobium, bakteria mwingine wa vinundu, baada ya miaka saba wakakuta kwenye vinundu bakteria wa kila namna, kumbe wenyeji wa udongo ule walishapokea kipande cha DNA cha herufi kama laki tano chenye jeni za vinundu (kuhama kwenyewe kulichapishwa 1995, sio habari mpya).

Sasa ndo maana nachoka nikiona mtu anapima jeni moja tu ya 16S, ile ya kutambulia bakteria, afu anatangaza udongo huu una bakteria wazuri. Hiyo inakupa ukoo, haikwambii kazi. Na anayepima jeni ya vinundu peke yake naye kapotea upande wa pili, maana hiyo ya kuazimana, haikwambii imekaa kwa nani. Soma jenomu nzima bwana, siku hizi sio ghali kama zamani.

Bibi alivyochoka kunisikiliza akauliza, "sasa mbolea ninunue nisinunue?" Nikamwambia ngoja kwanza tung'oe mche mwingine tupasue.